Laini ya Ileje Inayokata Kila Asubuhi

Wiki iliyopita mmoja wenu alinipigia simu kwa sauti ya mtu aliyeokota dhahabu.

"Shikamoo Mzee. Kuna hii laini ya Ileje, kwa Mzee Kibona. Inakata kila asubuhi, saa moja na kitu, inakaa kama dakika moja, halafu inarudi. Nimepitia rekodi za mwezi mzima, haikosi. Twende tukaitengeneze?"

Nilimwitikia marahaba, nikamsifu kwa kupitia rekodi, maana wengi wenu mnangoja mteja alalamike ndipo mfungue macho. Halafu nikamwambia asiiguse laini hiyo mpaka nimwandikie. Ndiyo haya sasa, na nimeona niwaandikie wote kwa pamoja, kwa kuwa wateja wangu wote nimewaachia ninyi. Mtanivumilia nikizunguka kidogo. Mtu aliyestaafu akipata wa kumsikiliza haachi upesi.

Kazi yetu mnaijua. Mtu ana intaneti nyumbani, anataka ifike kwenye banda lililo mbali, na hataki kuchimba mtaro wa waya. Unafunga antena moja kwenye nyumba, nyingine bandani, unazielekeza zitazamane, unapokea soda yako unaondoka. Ukisikia hivyo utadhani mtu yeyote anaweza. Mimi nilidhani hivyo miaka mingi, na kila nilipodhani hivyo niliumbuka.

Nanyala, kwa mfano. Kuna mama mmoja alikuwa na mashine ya kukoboa nyuma ya nyumba yake, na kati ya nyumba na mashine kulikuwa na shamba. Nilikwenda mwezi wa nane, shamba limelala tupu, hata kuku akipita unamwona. Antena nikazifunga kwa urefu wa kifua changu kwa sababu moja tu, uvivu wa kupanda ngazi. Ilifanya kazi vizuri sana. Mwezi wa pili akanipigia: "Fundi, intaneti yako inapungua kadiri mahindi yanavyokua." Nilicheka, nikadhani ni utani. Nilipofika nilikuta mahindi yamesimama juu ya kichwa changu, majani mabichi yamejaa maji ya mvua, antena zimezama humo kama watoto waliojificha. Majani yenye maji hula mawimbi kabisa. Tangu siku ile nikifika kwa mtu mwezi wa kiangazi ninauliza kwanza hapa huwa mnapanda nini.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Zuberi, mtu wa Tanga aliyekuja Tunduma zamani kufunga redio za upepo kwenye malori, akaoa hapa, akabaki. Kile kioo cha kujitazamia kilichomo kwenye boksi la vifaa, ambacho mmoja wenu aliuliza kama ni cha kunyolea ndevu, ni chake. Enzi hizo hatukuwa na programu za simu za kupimia. Mmoja alisimama bandani na kioo, anaelekeza mwanga wa jua kule juu, na mwingine alisimama palepale antena itakapokaa. Ukiona mng'ao, antena zitaonana. Usipouona, tafuteni mlingoti mrefu zaidi. Bado ni njia nzuri, na haihitaji chaji.

Lakini Mzee Zuberi alikuwa na tabia moja iliyonikera. Hakupanda ngazi kabla ya kukaa na wenye nyumba akanywa chai. Na katika kunywa huko alikuwa anauliza maswali yasiyoisha. Nani analala chumba hiki? Funguo zinakaa kwa nani? Mchana nani anabaki nyumbani? Mbwa mnamfunga wapi? Mimi nimesimama nje na drili mkononi, jua linanipiga, namsikia anacheka na watu ndani. Nilidhani ni umbea tu wa mzee anayependa vitumbua. Alipofariki nikairithi kazi, na jambo la kwanza nililoacha ni ile chai.

Sasa nije Ileje.

Lusajo alinikuta Tunduma akiwa kwenye foleni ya malori ya kuvuka. Ni dereva, anakwenda mpaka Kongo, nyumbani anaonekana mara chache. Alinieleza kwamba mke wake, Salome, anasoma ualimu kwa njia ya masafa, na masomo yote yako kwenye mtandao. Wanaishi kwenye banda la zamani la kahawa, chini ya nyumba ya baba yake, kama mita mia mbili hivi, na bondeni pale simu haishiki hata kidogo.

"Kule juu kwa Baba mtandao upo," alisema. "Uvute uushushe kwa mke wangu. Bei utasema wewe."

Nilikwenda naye siku aliyopata ruhusa. Nyumba ya Mzee Kibona iko mgongoni mwa kilima, na ukisimama barazani unaiona milima ya Malawi. Hapo ndipo penye shida, kwa sababu kama mlivyozoea hapa Tunduma simu ikikaa vibaya inashika mnara wa Zambia na bando linayeyuka, basi kule ni Malawi. Nilizunguka na rauta nyumba nzima. Sebuleni, Malawi. Jikoni, Malawi. Nikiilazimisha ikatae mnara wa nje, inabaki haina kitu kabisa. Mahali pamoja tu ilishika mnara wetu vizuri, nako ni kwenye dirisha la chumba cha kulala cha mzee mwenyewe. Basi nikaiweka hapo, juu ya kimeza, karibu na Biblia yake na miwani. Antena nikaifunga nje chini ya bati, ya pili nikaisimamisha bandani kwenye mlingoti, juu ya migomba. Kioo cha Mzee Zuberi kilimulika vizuri mara ya kwanza tu. Nilijiona fundi.

Kabla sijaondoka nilimfundisha Shangazi Eliza namna ya kuzima na kuwasha, kwa kuwa rauta za aina ile umeme ukikatika na kurudi ghafla zinaganda. Shangazi ni dada yake Mzee Kibona, mjane, anakaa nyumba ya jirani na ndiye anayempikia. Ni mama mcheshi na ana mikono isiyotulia. Nilipogeuka tu alikuwa ameshaifunika rauta kwa kitambaa cheupe cha kufuma. Nikamwambia itapata joto. Akasema, "Kitu kizuri kama hiki kikae uchi?" Nikakitoa kitambaa, yeye akakirudisha, tukaendelea hivyo mpaka nikashinda, au nilidhani nimeshinda.

Mzee Kibona mwenyewe alikuwa amekaa kitandani anatazama. Ni mtu mrefu, mkimya, zamani alikuwa karani wa mizani ya kahawa. Nilimgeukia nikamwambia kwa ile sauti tunayotumia kwa wazee, sauti ya kumbembelezea mtoto, "Mzee wangu, hiki kisanduku usikiguse kabisa. Kabisa." Nilisema hivyo kwa sababu mzee mmoja kule Mbozi aliwahi kuchomoa rauta yangu achomeke redio. Mzee Kibona akasema, "Sawa."

Mvua zikaanza. Siku moja asubuhi ananipigia Salome. Upepo unavuma kwenye simu, anahema.

"Fundi, niko juu kanisani, ndiko simu inakoshika. Imekata tangu jana."

"Umeme upo?"

"Upo. Ulikatika ukarudi."

"Basi zima, uwashe."

Nikarudia, zima, uwashe.

"Fundi, siwezi. Shangazi amekwenda msibani, atarudi kesho. Na jana ndiyo nilikuwa natetea utafiti wangu. Nimejitambulisha tu mbele ya wahadhiri, ikakata. Wamenipa nafasi nyingine moja, Ijumaa ya wiki ijayo. Nisipoonekana hiyo siku, narudia mwaka mzima."

Siku hiyo nilikuwa na kazi tatu zinanisubiri, na moyo wangu haukuwa mzuri. Nikampandishia sauti. "Dada, kuzima na kuwasha hata mtoto anaweza. Gonga mlango, ingia, chomoa, chomeka. Unapanda mlima na mvua unipigie mimi Tunduma kwa kitu kama hicho?"

Aliningoja nimalize. Kisha akauliza kwa upole, "Fundi, kwenu ni wapi?"

"Ileje hiyohiyo," nikamwambia.

"Basi unajua," akasema. Tukaagana.

Niliiweka simu chini, na nawaambia ukweli, aibu ilinishika mpaka masikio. Nilijua. Nilikuwa nimejua tangu nikiwa mtoto mdogo. Kwa wazee wetu wa huko, mkamwana na baba mkwe hawakutani uso kwa uso. Hawazungumzi moja kwa moja, hawali pamoja, na chumba anacholala baba mkwe mkamwana haingii. Ndiyo maana kijana akioa hujenga mbali kidogo. Wengi wameacha, hasa waliohamia mjini, lakini nyumba zinazoshika bado zipo, na msidhani ni chuki. Ni heshima, tena heshima nzito.

Mama yangu alikuwa akirudi kisimani na ndoo kichwani, akimwona babu anakuja kwa mbali, anatoka njiani anaingia kwenye mahindi, anageuza uso, anasubiri. Ndoo imejaa, shingo inatetemeka, maji yanamshuka mgongoni. Babu naye anakaza mwendo, ili asimchoshe. Mimi ndiye niliyekuwa napeleka maneno. "Mwambie Babu chakula tayari." "Mwambie mama yako chumvi imekolea vizuri." Siku moja mama aliugua, na babu alikaa nyuma ya nyumba siku nzima anapasua kuni, kuni nyingi kuliko tulizohitaji mwaka mzima, ili mama asikie kwamba yupo.

Yote hayo nilikuwa nayo kichwani. Na bado nilikwenda Ileje, nikapima mita, nikapima mnara, nikapima urefu wa migomba, na kisanduku cha masomo ya mkamwana nikakiweka pembeni ya mto wa baba mkwe wake. Miaka ya Tunduma ilikuwa imenifanya mgeni kwetu. Mzee Zuberi, mtu wa Tanga asiyejua hata salamu ya Kindali chetu, angekunywa kikombe kimoja cha chai pale na jambo hilo angelijua kabla sukari haijayeyuka.

Kesho yake nilipanda bodaboda mpaka Mpemba, nikadaka gari la Isongole, nikafika kwa Mzee Kibona bila kumwarifu mtu. Shangazi alikuwa bado hajarudi. Mzee alinikaribisha barazani. Safari hii sikufungua begi. Nilikaa. Kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kupika chai, tulikula ndizi za kuchoma zilizobaki tangu jana.

"Mzee, nisamehe," nilianza.

"Kwa lipi?"

"Kisanduku kile. Siku mkweo alipokatikiwa, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nacho," akasema. "Taa ziligeuka nyekundu, nikazitazama mpaka jioni. Nilimsikia mtoto wa watu anapanda mlimani na mvua, nikamsikia anarudi anakohoa. Dawa ya shida yake ninayo mimi chumbani, na wewe ulisema nisikiguse kabisa."

Niliweka ndizi yangu chini, nikaomba ruhusa nikaingia. Ndani ya chumba, kile kitambaa cha kufuma kilikuwa kimerudi juu ya rauta.

Nikaanza kujitetea kifundi, kama mnavyofanya ninyi mkikosea. Nilimwambia nitaihamishia sebuleni. Nikajaribu tena, Malawi ileile. Nikamwambia basi nitatoboa ukuta, nitoe swichi nje chini ya dirisha lake, Salome awe anakuja anazima na kuwasha bila kuingia.

Mzee alifikiri. "Ukuta wa chumba changu?"

"Ndiyo."

"Basi atakuwa anakuja kusimama dirishani kwangu. Yeye ataona haya, na mimi nitatazama wapi? Hapana, Fundi." Kisha akanyoosha mikono yake mbele yangu, mikono mikubwa ya karani wa mizani. "Hii haifai kazi hiyo?"

Nimefundisha vijana wengi, mpo mnaojijua, lakini sijapata mwanafunzi kama yule. Alitaka kujua kila kitu. Waya upi ni wa umeme, upi unakwenda kwenye antena. Taa ya kijani ina maana gani, ya njano je. Nilimwambia ukichomoa, hesabu mpaka thelathini ndipo uchomeke.

"Kwa mwendo gani?"

"Mwendo wa kawaida, Mzee."

"Wa kawaida kwako au kwangu?"

Nikamwambia wake unatosha. Akajaribu mbele yangu. Alihesabu kwa Kindali, polepole, kama mtu anayengoja mshale wa mizani utulie ndipo asome. Thelathini yake ilichukua karibu dakika nzima. Nilinyamaza, kwa sababu rauta hukubali kuzimwa muda mrefu, ni muda mfupi ndio huikataa.

Likabaki tatizo moja. Wakati mwingine rauta inaganda na taa zake zinabaki kijani, huwezi kujua kwa kutazama. Nikapendekeza Salome atundike kanga kwenye kamba mzee aione kutoka barazani. Mzee akashtuka. Nguo ya mkamwana, yeye akae aitazame? Nikaona nimeharibu tena. Mwisho tukakubaliana dumu la njano. Likiwekwa juu ya kigingi cha uzio wa bandani, maana yake imekata. Likishushwa, imerudi. Nilishuka bandani kumweleza Salome mwenyewe, nikamwomba radhi kwa maneno ya kwenye simu. Aliniitikia kwa adabu, macho chini, akauliza swali moja tu. "Baba amekubali mwenyewe?" Nilipomwambia ndiye aliyetoa wazo, alikaa kwenye kigoda.

Ijumaa ile nilirudi, ingawa hakuna aliyeniita. Nilikaa barazani na Mzee Kibona tangu asubuhi. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Mawingu yalikuwa yameinama juu ya Malawi, na mimi nilikuwa naomba kimyakimya, umeme leo usifanye mchezo. Saa nne Salome aliingia mbele ya wahadhiri wake. Sisi juu tulikuwa hatusikii kitu, tunaangalia kigingi.

Saa nne na nusu hivi taa ya barazani ilizima, ikawaka. Tukaangalia kigingi. Mkono ukatokea nyuma ya migomba, ukaweka dumu.

Niliruka. Mzee akanishika bega. "Kaa," akasema. "Hii ni yangu."

Akaingia ndani bila haraka. Nikamsikia anahesabu. Vijana, sijawahi kuteseka kama siku ile. Mimi kimoyomoyo nilikuwa nimefika thelathini, yeye bado yuko kumi na kitu. Kule chini kuna msichana anatazama skrini imeganda, mwaka mzima wa maisha yake unaning'inia, na huku juu kuna mzee anahesabu kama anapima gunia la kahawa. Nilitaka kupiga kelele, chomeka Mzee, yatosha! Nilijiuma mdomo. Alifika thelathini yake. Nikasikia mlio mdogo wa soketi. Akatoka, akakaa, akaweka mikono magotini, tukaendelea kutazama dumu.

Lilikaa pale muda mrefu. Kisha mkono ukatokea ukalishusha.

Karibu saa sita Shangazi Eliza, aliyekuwa na Salome, alipanda kutoka bandani, vigelegele vimemtangulia. "Amefaulu! Wamemsifu! Amewaambia kulikuwa na hitilafu ya umeme, wakamngoja!" Mzee alivua kofia, akafuta nayo macho, wala hakuficha. Akamwambia dada yake, "Mwambie nimesikia. Mwambie amefanya vizuri." Shangazi akateremka tena mbio, na umri wake ule.

Ningeweza kuishia hapo, na ingekuwa hadithi ya kunisifu. Lakini nilifanya kosa lingine, la kifundi kabisa. Lusajo aliporudi safari alileta betri ndogo ya rauta, ile aina ambayo umeme ukikatika kisanduku chenyewe hakijui. Nilikwenda kuifunga kwa fahari. Mzee Kibona alisimama ananiangalia.

"Sasa haitakata tena?"

"Haitakata, Mzee."

"Hata mvua ikinyesha?"

"Hata ikinyesha wiki nzima."

"Na dumu?"

"Dumu halina kazi tena," nikamwambia, nikacheka. Yeye hakucheka. Alisema, "Vizuri," akatoka nje akakaa. Nilikusanya vifaa vyangu, nikamuaga Shangazi, nikarudi Tunduma, na njiani kote kulikuwa na kitu kinanisumbua nisijue ni nini.

Mwezi uliofuata nikapitia rekodi, kama alivyofanya mwenzenu. Laini imesimama imara mchana na usiku. Ila kila asubuhi, saa moja na dakika kadhaa, inakata kwa karibu dakika moja. Nikadhani betri ni mbovu. Nikampigia Salome, sasa simu yake inashika palepale bandani kwa mtandao wetu.

"Shikamoo Fundi."

"Marahaba, Salome. Kuna hitilafu asubuhi-asubuhi. Kesho kutwa nakuja kuiondoa."

"Njoo utusalimie," akasema, "lakini hiyo usiiondoe, tafadhali."

"Kwa nini?"

"Ni Baba. Akiamka anasali, halafu anaichomoa rauta kwenye betri, anahesabu, anaichomeka. Shangazi alimuuliza, akajibu kwamba anaipumzisha." Nikasikia anacheka, halafu kicheko kikabadilika. "Fundi, mimi nina miaka sita katika nyumba hii. Hatujawahi kusalimiana hata siku moja, na sasa tunasalimiana kila asubuhi. Ikikata naacha ninachofanya, nakaa, nahesabu pamoja naye. Ikirudi najua ameamka salama."

Nilimkumbuka babu na kuni zake. Mwisho nikauliza lile ambalo nanyi mngeuliza.

"Na siku isipokata?"

"Siku isipokata nitapanda, niingie mwenyewe," akasema. "Nilimtuma Shangazi amwambie hivyo Baba. Akasema sawa."

Basi laini ya Ileje iko hivyo, na sasa ni yenu. Msibadilishe ile rauta kwa nyingine isiyozimika kwa mkono. Kitambaa cha kufuma nacho kiacheni, nimekiinua kidogo kwa vijiti viwili hewa ipite, Shangazi hajagundua. Rekodi zake ziangalieni kila asubuhi kabla ya kwenda kazini kwenu. Mkiona imekata, kunyweni chai yenu kwa amani. Mkiona haikukata, msingoje kuniuliza mimi, mpigieni Salome.